Volti hasi kutoka betri moja ya 12: tripo faivu, dayodi mbili na kapasita

Wiki mbili kabla ya Maulidi, ustadhi mmoja wa madrasa ya upande wa Pangani aliingia kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, amebeba miksa ya chaneli sita iliyofungwa ndani ya kanga. Kabla hajaifungua nilishasikia harufu ya vanishi ya transfoma iliyoungua. Walikuwa wakiiendesha kwa jenereta ya kukodi, jenereta ikapandisha umeme, transfoma ikaenda.

“Binti yangu,” akaniambia, “jenereta basi tena. Betri ya sola tunayo. Nitashukuru ukiifanya mashine hii itumie betri.”

Nikamkaribisha kiti, nikafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na aisi nne (vipande vidogo vyenye sakiti nzima ndani yake) za 4558, za kukuza sauti, zile za miguu minane unazozikuta katika miksa na amplifaya nyingi za bei ya chini. Upande wa umeme kulikuwa na transfoma ya 15-0-15, dayodi nne, kapasita mbili kubwa, 7815 na 7915, yaani aisi za kudhibiti volti chanya 15 na hasi 15. Hiyo 7915 ndiyo iliyonionyesha kazi iliyopo. Bodi imetengenezwa kwa umeme wa pande mbili: chanya volti 15, ardhi katikati, hasi volti 15. Betri ya sola inatoa chanya na ardhi. Hasi haina.

Mafundi wengi hapa humshauri mteja anunue inveta: betri ya 12 ipandishwe hadi 230, kisha transfoma mpya iushushe tena hadi 15. Miksa itawaka, sikatai. Lakini aisi zile nne zote kwa pamoja hazili hata nusu wati, na inveta yenyewe hupoteza zaidi ya hapo hata ikiwa haijabebeshwa mzigo. Mtu anayetegemea betri moja kwa taa za wanafunzi na kaswida ya usiku hafai kufanyiwa hivyo. Vifaa nilivyotumia mimi kutengeneza ile volti hasi havikufika shilingi 5,000, na vingine vilitoka kwenye bodi za zamani.

Naeleza hapa nilivyofanya, hatua kwa hatua, pamoja na pale nilipokosea.

Pima kwanza mzigo

Usianze kuchoma kitu kwa solda kabla hujajua bodi inakula miliampea ngapi upande wa hasi, kwa sababu sakiti hii ni ya mzigo mdogo. Njia rahisi ni betri mbili za volti 9, zile za mraba. Ziunge mfululizo: chanya ya moja na hasi ya nyingine zikutane, na hapo zinapokutana ndipo ardhi yako. Ncha mbili zilizobaki zinakupa chanya 9 na hasi 9. Ng'oa 7815 na 7915, kisha ingiza umeme mahali ilipokuwa miguu yake ya kutolea. Kwa zote mbili, mguu wa kutolea ni wa 3. Kuwa makini na miguu iliyobaki, maana haifanani: 7815 inaingizia mguu wa 1 na ardhi ni wa 2, lakini 7915 ardhi yake ni mguu wa 1 na inaingizia wa 2. Bati la mgongoni la 7915 limeungana na mguu huo wa kuingizia, kwa hiyo ukilifunga kwenye boksi la chuma bila kipande cha maika umepiga shoti.

Miksa ya ustadhi iliwaka kwa betri hizo mbili, sauti safi. Nikaiweka mita kwenye waya wa hasi, ikasoma miliampea 14. Basi nilijua bodi ni nzima, na nilijua ninachotafuta: volti hasi kiasi cha 8 hadi 10, miliampea 14, nikiacha nafasi hadi 20.

Kuna njia nyingine ambayo huenda ikakutosha wewe. Ikiwa unatengeneza preampu ndogo ya maiki moja, huhitaji volti hasi hata kidogo. Gawanya volti 12 kwa resista mbili zinazolingana, katikati utapata 6, weka kapasita hapo, na ufanye hiyo 6 ndiyo katikati ya aisi yako. Mimi mwenyewe hufanya hivyo kila mara kwenye kazi mpya. Lakini miksa iliyokwisha kuchapwa, yenye matundu ya maiki, vitufe vya sauti na bati la mbele vyote vimeungwa ardhini, ukitaka kuigeuza itakubidi ukate njia na kuongeza kapasita kila chaneli. Chaneli sita! Hapo ni afadhali kuipa bodi ile hasi inayoitaka.

Hasi inatoka wapi

Kijana anayejifunza kwangu aliniuliza swali ambalo nami nilimuuliza mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii: inawezekanaje kupata chini ya sifuri wakati betri haina chini ya sifuri?

Sisi wa pwani tuna mfano tayari. Chukua upondo wa dau wenye urefu wa pima mbili. Usimamishe ubavuni mwa chombo, ncha ya chini iguse uso wa maji tu, na ncha ya juu iwe pima mbili hewani. Sasa ushushe wima mpaka ncha ya juu ifike usawa wa maji. Upondo haukupungua urefu, lakini ncha yake ya chini iko pima mbili ndani ya maji.

Kapasita iliyojazwa ndiyo upondo. Uso wa maji ndio ardhi. Unaijaza kapasita mguu wake wa hasi ukiwa ardhini na mguu wa chanya ukiwa juu, tuseme volti 11. Kisha unaushusha ghafla ule mguu wa chanya hadi ardhini. Kapasita haipotezi volti zake kwa mara moja, kwa hiyo mguu wa hasi unalazimika kwenda volti 11 chini ya ardhi. Pale chini unaukutanisha na kapasita ya pili, ya akiba, unaimiminia kidogo, halafu unarudi juu kujaza tena. Ukifanya hivyo mara elfu thelathini kwa sekunde, kapasita ya akiba inakaa imejaa hasi muda wote.

Anayepandisha na kushusha ni aisi ya 555, ambayo mafundi huiita tripo faivu. Milango miwili, wa kujazia na wa kumiminia, ni dayodi mbili.

Vifaa

Hivi ndivyo nilivyoviweka mezani:

555 ya kawaida, yenye maandishi NE555. Usichukue TLC555 wala LMC555 kwa kazi hii. Hizo hula umeme kidogo sana, lakini mguu wao wa kutolea hausukumi mkondo wa kutosha. NE555 inaweza kusukuma na kuvuta hadi miliampea 200.

Resista ya kiloomu 1 (kahawia, nyeusi, nyekundu), ya kiloomu 10 (kahawia, nyeusi, rangi ya machungwa), ya omu 10 na mbili za omu 47 (njano, zambarau, nyeusi).

Kapasita ndogo za seramiki: moja ya 222, yaani nanofaradi 2.2, moja ya 103, yaani nanofaradi 10, na mbili za 104, yaani nanofaradi 100.

Kapasita za elektroliti: moja ya mikrofaradi 47 na nne za mikrofaradi 100, zote za volti 25.

Dayodi mbili za 1N4148, au 1N5819 ukizipata.

Zena (dayodi inayozuia volti zisipande kupita kiwango chake) ya volti 15 ya wati 1, fyuzi ya miliampea 250 na kishikio chake, kipande cha ubao wa matundu, na soketi ya miguu minane ili usiichome 555 moja kwa moja.

Resista na dayodi natoa kwenye bodi za zamani bila wasiwasi, nikishazipima. Kapasita za elektroliti nanunua mpya. Elektroliti iliyokaa miaka kumi karibu na transfoma ya moto imekauka ndani. Mita ya kawaida inaweza kukuambia bado ina mikrofaradi zake, lakini ukinzani wake wa ndani umepanda, na hapa kapasita inajazwa na kumwagwa kila sekunde mara maelfu. Iliyokauka itakupa volti hasi nyonge na utahangaika siku nzima ukiilaumu 555.

Kuunga

Geuza 555 kialama cha nusu mwezi kiwe juu. Miguu ya kushoto inashuka 1, 2, 3, 4. Ya kulia inapanda 5, 6, 7, 8.

Anza na umeme. Kutoka chanya ya betri pita kwenye fyuzi, kisha resista ya omu 10, kisha mguu wa 8. Mguu wa 4 uunge na wa 8. Mguu wa 1 uende ardhini. Kati ya mguu wa 8 na ardhi weka mikrofaradi 100 na pembeni yake 104 moja, karibu kabisa na soketi, si mwisho wa ubao. Kila 555 inapobadili upande hunyonya umeme kwa pigo fupi kali, na kama kapasita hizi ziko mbali pigo hilo linasafiri kwenye waya wa betri hadi ndani ya miksa. Hapohapo weka zena, mstari wake ukitazama chanya. NE555 hairuhusiwi kuvuka volti 16. Betri ya sola ikichajiwa hufika 14.4 hivi, kwa hiyo uko salama, lakini siku mtu akichomoa betri na kuacha waya wa paneli, paneli peke yake inaweza kupanda zaidi ya 18. Zena itakamata na fyuzi itakatika. Mtu akigeuza chanya na hasi, ni hivyohivyo: fyuzi inakatika, kila kitu kingine kinapona.

Sasa mapigo. Kiloomu 1 kati ya mguu wa 8 na wa 7. Kiloomu 10 kati ya mguu wa 7 na wa 6. Mguu wa 6 na wa 2 ziunge pamoja, na kutoka hapo weka ile 222 hadi ardhini. Mguu wa 5 upe 103 hadi ardhini. Usishushe ile kiloomu 1 kuwa omu 100 kwa kudhani utapata nguvu zaidi. 555 inapomwaga kapasita, mguu wa 7 unaunganishwa na ardhi kwa ndani, na resista hiyo ndiyo inayouzuia usiungue.

Ndani ya 555 mna resista tatu za kiloomu 5 zinazogawanya volti zako mafungu matatu. Ile 222 inajazwa hadi theluthi mbili, inamwagwa hadi theluthi moja, inajazwa tena. Kwa kuwa ni mafungu ya volti zilezile zinazoijaza, betri ikishuka kutoka 14 hadi 11 kasi ya mapigo haibadiliki. Mhandisi wa Uswisi Hans Camenzind aliichora aisi hii mwaka 1971 akiwa Marekani, ikaingia sokoni mwaka 1972, na mpaka leo ndiyo ninayoikimbilia kazi kama hii ikinijia.

Kasi unaipata hivi: gawanya 1.44 kwa kapasita zidisha resista ya kwanza ukiongeza ya pili mara mbili. Kwetu ni 1 + 10 + 10, kiloomu 21, zidisha nanofaradi 2.2. Inakuja kilohezi 31 hivi. Kwa nini 31 na si 7, nitaeleza mbele, maana nilijifunza kwa kuaibika mbele ya mteja.

Sasa pampu yenyewe, na hapa nenda taratibu.

Mguu wa 3 unaungwa na upande wa chanya wa mikrofaradi 47. Upande wake wa hasi, wenye mstari ubavuni, ndio makutano. Kwenye makutano hayo zinafika dayodi mbili. Dayodi ya kwanza: upande wenye mstari unakwenda ardhini, upande usio na mstari uko kwenye makutano. Dayodi ya pili: upande wenye mstari uko kwenye makutano, upande usio na mstari ndio unaotoa volti hasi. Zifikirie kama mishale inayofuatana: mkondo unatoka kwenye waya wa hasi, unapita dayodi ya pili, unafika makutano, unapita dayodi ya kwanza, unaishia ardhini. Zote mbili zinaelekea njia moja.

Kapasita ya akiba, mikrofaradi 100, inakaa kati ya waya wa hasi na ardhi. Upande wake wa CHANYA unakwenda ARDHINI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mkono wa fundi umezoea kinyume chake: miaka yote tunaweka mstari wa hasi ardhini. Hapa ardhi ndiyo iliyo juu na waya wa hasi ndio ulio chini. Ukiigeuza, kapasita itapata joto, itavimba kichwani, na inaweza kupasuka usoni kwako. Kijana wangu aliigeuza mara ya kwanza. Niliigusa nikaikuta ya moto, nikachomoa betri kabla haijafika huko.

Baada ya akiba pitisha waya wa hasi kwenye resista ya omu 47, kisha mikrofaradi 100 nyingine na 104 nyingine, zote chanya yake ardhini kama ile ya kwanza (104 haina upande). Huo ndio mchujo. Bila huo volti hasi inakuja na mapigo madogo ya 555 mgongoni.

Kuwasha mara ya kwanza

Usiweke fyuzi bado. Mahali pake weka balbu ndogo ya dashibodi ya gari, ya volti 12 na wati 1.2. Kama kuna shoti, balbu itawaka na kitu kingine hakitaungua. Sakiti ikiwa nzima balbu itabaki giza, au itang'aa kidogo tu mara moja kapasita zinapojaa.

Kabla ya kuunga mikrofaradi 47, pima mguu wa 3 kwa mita kwenye volti za DC. Mapigo yanakwenda juu na chini karibu sawa kwa sawa, kwa hiyo mita itakupa wastani, karibu volti 6. Ukiona 11 au 0, 555 imekwama upande mmoja, rudia miguu ya 2, 6 na 7. Wengi wetu hatuna osiloskopu ya kuona mapigo kwa macho, lakini kuna ujanja: shika kwa muda kapasita ya mikrofaradi 10 sambamba na ile 222, weka LED na kiloomu 1 kati ya mguu wa 3 na ardhi. LED itapepesa kama mara saba kwa sekunde. Ikipepesa, 555 inafanya kazi. Zitoe zote mbili, unga pampu.

Waya mweusi wa mita ardhini, mwekundu kwenye hasi. Betri yangu siku hiyo ilikuwa 12.6. Bila mzigo nilipata −10.2. Nilipounga miksa, kwenye kapasita ya akiba ikawa −9.1, na baada ya omu 47 ikawa −8.4.

Zilizopotea zimekwenda wapi? 555 ikipanda haifiki juu kabisa. Inaacha volti 1.3 hivi, na mzigo ukiongezeka inaacha zaidi. Dayodi mbili kila moja inakata 0.6 hadi 0.8. Resista ya omu 47 ikipitisha miliampea 14 inakula 0.66. Jumlisha utaona hesabu inakaribia. Ukiweka 1N5819 badala ya 1N4148 unapata tena karibu volti moja, kwa kuwa hizo hukata volti pungufu.

Basi miksa inapata chanya 12 na hasi 8.4, hazilingani. Je, ni tatizo? Kwa 4558 kwenye miksa ya maiki, si tatizo. Aisi haijui ardhi iko wapi. Inajua waya wake wa juu na waya wake wa chini tu. Sauti inayotoka kwenye miksa kwenda amplifaya ni ya volti moja au mbili, na upande mfupi bado una nafasi ya kama 7.

Mbu ndani ya spika

Sasa kosa langu. Mara ya kwanza sikuwa na 222 kwenye boksi, nikaweka 103 nikijisemea kuwa mapigo ni mapigo. Volti hasi ilitoka vizuri, mita ikaridhika, nikampigia ustadhi simu. Alikuja na maiki yake, tukaunga kwenye amplifaya, akapandisha sauti ya chaneli ya kwanza. Kabla hajasema neno alisimama, akainamisha sikio.

“Fundi, mna mbu humu ndani ya spika.”

Kweli, filimbi nyembamba, ndogo, isiyokoma. Kwa 103 hesabu inakuja kilohezi 6.9, na hiyo sikio la mtu yeyote linaisikia. Kwenye kaswida, pale vijana wanaponyamaza ili msomaji mmoja avute pumzi, kila aliyekaa ukumbini angeisikia. Nilimwomba anipe siku moja. Nikatafuta 222, kasi ikapanda kilohezi 31, juu ya kile ambacho sikio la binadamu hufika, na mbu akatoweka.

Lakini si kasi peke yake. Nilipoangalia vizuri niliona nilikuwa nimechukua ardhi ya pampu kwenye tundu la maiki ya kwanza, kwa kuwa lilikuwa karibu. Mapigo yote ya kujaza na kumwaga yalikuwa yanapita kwenye waya uleule unaobeba sauti ya maiki, ambayo ni milivolti chache. Ardhi ya pampu iende peke yake hadi pale umeme unapoingilia miksa, na hapo ndipo ikutane na ardhi ya sauti, mahali pamoja tu. Nyaya tatu za chanya, ardhi na hasi zisokote pamoja kama usukavyo ukili. Ubao wa pampu nikautia ndani ya kopo la kahawa, kopo likaungwa ardhini, nikalifunga upande wa mbali kabisa na matundu ya maiki.

Upande wa chanya nao uuwekee omu 47 na mikrofaradi 100 kabla ya kuingia kwenye bodi. Betri ileile inawasha taa na kuchaji simu, na kelele za chaja ya simu zinasafiri.

Kosa la pili ni la zamani, lakini naliona kwa wengine kila mwezi: dayodi za 1N4007. Kila fundi ana kopo limejaa, na ni dayodi nzuri, kwenye umeme wa transfoma. Kwenye hezi 50 ina muda wote wa kujifunga. Kwenye kilohezi 31 kila upande wa pigo una mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) kumi na tano hadi kumi na saba tu, na 1N4007 inachelewa kufunga, kwa hiyo sehemu ya kile ulichomimina inarudi ilikotoka. Niliwahi kuziweka, volti hasi haikufika hata 7 na 555 ikawa ya moto. Ukikosa 1N4148 tafuta UF4007, ambayo umbo lake ni lilelile lakini hufunga haraka.

Mwisho wa uwezo wake

Sakiti hii naiamini hadi miliampea 20, na kwa shida 30. Ukivuka hapo volti zinaporomoka, kwa sababu kila ampea inayotoka upande wa hasi imepita kwanza ndani ya 555 ikipanda, kisha tena ikishuka. Kwa hiyo usijaribu kuendesha nayo amplifaya ya nguvu kama TDA2030 ya pande mbili. Hiyo inataka ampea nzima.

Ukihitaji miliampea 100 au zaidi, tafuta MC34063. Huna haja ya kwenda dukani: fungua chaja mbovu ya simu ya kwenye gari, nyingi zina aisi hiyo pamoja na koili yake. Ukiiunga kwa namna ya kugeuza inatoa volti hasi kwa kutumia koili badala ya kapasita, na inakuacha uchague volti unazotaka kwa resista mbili. Inataka uvumilivu zaidi na kelele yake ni ngumu kuzima. Nitaiandikia siku nyingine.

Watu huniuliza pia kuhusu ICL7660, aisi iliyotengenezwa kwa kazi hiihii, inayotaka kapasita mbili tu za mikrofaradi 10. Kwenye umeme wa volti 5 au betri ya 9 ni bora kuliko 555, inakupa karibu volti zote bila kupoteza. Lakini mwisho wake ni volti 10. Ukiiunga kwenye betri ya sola inakufa palepale.

Ustadhi aliichukua miksa siku nne kabla ya Maulidi. Juu ya kopo nimebandika karatasi chini ya selotepu, kwa ajili ya fundi yeyote atakayelifungua baada yangu: nyekundu chanya 12 kutoka betri, si kutoka paneli, nyeusi ardhi, bluu hasi 8 na nusu, fyuzi miliampea 250, usiweke kubwa zaidi. Ndani ya kifuniko nimegundisha fyuzi mbili za akiba.